Ewart Grogan na Kasri la Girigan: Maisha ya Mlowezi Aliyeacha Magofu Taveta

Utangulizi

Msafiri atokaye Voi kuelekea Taveta hupita Mwatate, Bura na Maktau, kisha huingia katika nyika kavu ambayo mpaka wake wa magharibi ni Mlima Kilimanjaro. Karibu na Taveta nyika hiyo hukatizwa na mashamba mapana ya mkonge, na juu ya kilima kiitwacho Girigan huonekana jengo kubwa ambalo halifanani na jengo lingine lolote katika Kaunti ya Taita Taveta. Wenyeji hulijua kama Kasri la Grogan. Aliyelijenga katika miaka ya 1930 alikuwa Mwingereza Ewart Scott Grogan, mmoja wa walowezi mashuhuri zaidi katika historia ya ukoloni nchini Kenya.

Wapo watu wanaosafiri masafa marefu hadi Italia, kiasi cha kilomita 28 kutoka mjini Roma, ili kuyatazama magofu ya kasri la Kaizari Hadrian, aliyetawala tangu mwaka wa 117 hadi mwaka wa 138 baada ya Kristo. Magofu hayo ya Tivoli yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 1999. Hadrian alikuwa kaizari msafiri. Aliizunguka dola yake kwa miaka mingi, na alipojenga kasri lake alizipa baadhi ya sehemu zake majina ya mahali alikopapenda ugenini, kama vile Canopus ya Misri. Mkenya hana haja ya kwenda mbali hivyo ili aone jumba la msafiri aliyejiona kuwa mtawala. Girigan ipo, na maisha ya mwenye jumba hilo yanastahili kusimuliwa kwa Kiswahili, kwa sababu yanagusa ardhi ambayo hadi leo haijaacha kuzozaniwa.

Ikumbukwe kuwa magofu si ya aina moja. Yale ya Gedi, Takwa na Kilwa humpa Mswahili habari za wazee wake mwenyewe. Yale ya Girigan humpa habari za mtu aliyekuja akitoka mbali, akamiliki, akajenga, kisha akaondoka. Ni wajibu wa msomi kuyasoma yote mawili.

Kuzaliwa na ujana

Ewart Grogan alizaliwa London tarehe 12 Desemba 1874 katika familia kubwa mno. Baba yake alikuwa na watoto 21, naye alikuwa wa kumi na nne. Familia ilikuwa na uwezo na jina, lakini mtoto wa kumi na nne hakuwa na urithi mkubwa wa kutegemea. Alisomea Winchester, shule ya wana wa wakubwa, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Utundu wake ulimfanya afukuzwe huko kabla ya kuhitimu. Tangu hapo ilionekana kuwa kijana huyu hakuwa mtu wa kutii amri ya mwingine, tabia ambayo baadaye ilisifiwa na walowezi wenzake na kuwaletea Waafrika maumivu.

Mwaka wa 1896 alikuwa kusini mwa Afrika, akipigana upande wa Waingereza katika vita dhidi ya Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Hapo alivutwa na fikra za Cecil Rhodes, ambaye ndoto yake ilikuwa kuona Afrika kutoka Cape Town hadi Cairo ikiwa chini ya bendera ya Uingereza. Ugonjwa ulimdhoofisha Grogan, akasafiri hadi New Zealand kupumzika kwa rafiki yake aliyeitwa Watt. Huko alikutana na Gertrude, dada ya rafiki yake, wakapendana.

Safari ya kutoka Cape hadi Cairo

Kizuizi kilikuwa baba wa kambo wa Gertrude, aliyemwona Grogan kuwa kijana asiye na kazi wala mali. Masimulizi yanayopendwa sana juu ya Grogan husema kuwa ni kwa ajili ya kumthibitishia mzee huyo uanaume wake ndipo alipoahidi kulivuka bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, jambo ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelitimiza.

Safari ilianza mwaka wa 1898. Alifuatana na Mwingereza mwenzake, Arthur Sharp. Walipitia Msumbiji, Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na mji wa Ujiji, wakaendelea hadi Ziwa Kivu na milima ya volkano iliyo mpakani mwa Rwanda na Kongo, kisha wakaingia Uganda. Sharp alirejea kwao safari ikiwa bado haijakamilika, naye Grogan akaendelea kuufuata mto Nile kupitia vinamasi vya Sudan. Alifika Cairo mwanzoni mwa mwaka wa 1900 akiwa na umri wa miaka 25.

Ulaya ilimpokea kwa shangwe. Alihutubia Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia jijini London, akapokewa na Malkia Victoria, na mwaka huo huo akachapisha kitabu juu ya safari yake kikiwa na barua ya utangulizi kutoka kwa Rhodes. Mnamo Oktoba 1900 alimwoa Gertrude.

Hata hivyo, msomaji makini atajiuliza ni nani hasa aliyelivuka bara. Katika enzi hizo hakuna Mzungu aliyesafiri peke yake. Mahema, vyakula, risasi na nguo za kubadilishana zilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Katika njia ya Ujiji na maziwa makuu, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya misafara. Kwa lugha hiyo mizigo iligawanywa, njia ikaulizwa, na chakula kikanunuliwa. Grogan alikuta barabara ya maneno imekwisha kutengenezwa na wafanyabiashara na wapagazi waliomtangulia kwa miongo mingi. Jina lililoandikwa juu ya jalada la kitabu likawa lake na la Sharp. Waliobeba mizigo hawakupata jalada.

Mlowezi wa Nairobi

Mwaka wa 1904 Grogan aliwasili katika nchi iliyoitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Ziwa Viktoria miaka michache tu nyuma, na serikali ilikuwa ikiwaita Wazungu waje kuilima nchi ili reli ipate mizigo. Grogan aliitikia wito huo kwa macho ya mfanyabiashara. Pamoja na Mkanada Lingham alijipatia haki ya kukata miti katika misitu ya nyanda za juu. Alijipatia pia ardhi ya kinamasi kando ya mto Nairobi, na ardhi ya Mbaraki huko Mombasa ambako palifaa kujengwa gati. Alifahamu mapema kuwa utajiri wa koloni ungetokana na kuwahi mahali ambapo wengine wangelazimika kupita baadaye.

Nairobi alijenga nyumba aliyoiita Chiromo, jina alilolitoa katika safari zake, kwani Chiromo ni mahali kando ya mto Shire katika nchi ya Malawi. Kama Hadrian, naye alibeba jina la ugenini akalipachika nyumbani kwake. Eneo hilo leo ni bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya wanafunzi hulitamka jina hilo kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alijenga pia Hoteli ya Torr's katikati ya jiji, iliyokuwa miongoni mwa majengo ya fahari ya Nairobi ya wakati huo.

Barabara iliyopewa jina lake, Grogan Road, ilibadilishwa baada ya uhuru ikawa Kirinyaga Road. Serikali ilifuta jina katika ramani, lakini mafundi wa magari na wauza vipuri wa sehemu hiyo wameendelea kupaita Grogan hadi leo. Wengi wanaolitamka jina hilo wakitafuta breki au taa ya gari hawajui kuwa lilikuwa jina la mtu.

Viboko vya mwaka wa 1907

Tukio moja ndilo lililomfanya Grogan ajulikane zaidi miongoni mwa wanahistoria wa Kenya. Tarehe 14 Machi 1907, akiwa rais wa Chama cha Walowezi, aliwaleta Wakikuyu watatu waliokuwa wavutaji wa rikisho mbele ya jengo la mahakama mjini Nairobi. Dai lake lilikuwa kwamba watu hao walikuwa wamewakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wakiwabeba, mmojawapo akiwa dada yake. Hakuwapeleka mbele ya hakimu. Hapo nje, mbele ya umati wa Wazungu na huku hakimu akijaribu kuzuia, watu hao walichapwa viboko.

Uchaguzi wa mahali haukuwa wa bahati nasibu. Kuchapa watu mlangoni mwa mahakama kulikuwa ni kutangaza kwamba mlowezi hahitaji sheria anaposhughulika na Mwafrika. Grogan na wenzake walishtakiwa, na yeye akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja pamoja na faini. Kosa lililothibitishwa lilikuwa la kushiriki katika mkusanyiko usio halali. Maumivu ya waliochapwa hayakuwa kiini cha hukumu. Kilichohesabiwa ni utulivu wa serikali kuvurugwa. Aidha, kifungo chenyewe hakikutumikiwa katika jela ya kawaida bali katika nyumba iliyotengwa. Mawasiliano ya serikali juu ya tukio hilo yalichapishwa London mwaka huo huo kwa ajili ya Bunge, lakini heshima ya Grogan miongoni mwa walowezi haikupungua. Yasemekana iliongezeka.

Vita na njia ya reli ya Voi

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Taveta ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuguswa. Mwezi Agosti mwaka huo majeshi ya Wajerumani yaliuvuka mpaka yakautwaa mji huo. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi ili kubeba wanajeshi, maji na silaha kuvuka nyika. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi yao yalishindwa vibaya katika kilima cha Salaita, ingawa Taveta ilikombolewa mwezi uliofuata. Grogan alitumika katika vita hivyo akifanya kazi ya upelelezi, na alitunukiwa nishani ya DSO.

Vita viliacha kitu kimoja kilichobadilisha hatima ya eneo hilo: reli. Iliyojengwa kwa ajili ya bunduki ikawa njia ya kusafirishia mazao. Baada ya reli ya Voi kuunganishwa na ile ya Moshi, shamba kubwa karibu na Taveta lingeweza kupeleka bidhaa zake Mombasa. Mtu mwenye macho ya Grogan hakukosa kuliona hilo.

Mkonge na kasri

Kabla ya walowezi, Taveta ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara. Misafara ya Waswahili iliyotoka pwani kwenda bara ilipumzika katika msitu wake, ikanunua ndizi na nafaka na kujaza maji kabla ya kuendelea. Joseph Thomson alipita hapo mwaka wa 1883, na Teleki alipita mwaka wa 1887. Wataveta waliwapokea wageni wote hao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini ugeni wa Grogan ulikuwa wa aina nyingine, kwani mgeni huyu hakuja kupumzika. Alijipatia maelfu ya ekari, na mashamba ya Jipe na Ziwani yakawa miliki yake.

Waswahili husema pia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa shuleni kama wasia wa kuweka hesabu. Ikisomwa Taveta, ina maana chungu zaidi. Ardhi ya Wataveta ilikuwa na wenyewe, mipaka yake ikijulikana kwa makaburi, mifereji na kumbukumbu za wazee, lakini haikuwa na daftari. Alipokuja mwenye daftari, yaani hatimiliki iliyopigwa mhuri wa serikali, kumbukumbu za wazee hazikuwa na thamani mbele ya sheria.

Zao alilolitegemea Grogan lilikuwa mkonge, mmea wenye asili ya Mexico ulioletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka wa 1893. Mkonge huvumilia ukame wa nyika, lakini kuutoa nyuzi huhitaji maji mengi. Maji yalikuwepo, yakitoka chini ya Kilimanjaro katika chemchemi za Njoro, nayo yaliongozwa kwa mifereji hadi mashambani. Kazi ya mkonge ni kazi ngumu. Mkataji hukabiliana na majani yenye miiba mikali nchani, huyafunga mafungu kwa hesabu, na jua la Taveta humwangukia tangu asubuhi. Vibarua wa mikongeni kote Afrika Mashariki walifahamika kama manamba, watu waliotambuliwa kwa namba badala ya majina yao.

Katika mazingira hayo ndipo Grogan alipojenga kasri juu ya kilima cha Girigan. Masimulizi hutofautiana kuhusu kusudi lake. Wapo wasemao alilijenga kwa ajili ya mkewe, na wapo wasemao alitaka pawe mahali pa kuwafunzia vijana wa Kizungu kilimo. Lililo wazi ni uzuri wa mahali penyewe. Kutoka huko juu Kilimanjaro huonekana upande mmoja, Ziwa Jipe na Milima ya Upare upande mwingine, na mashamba ya mkonge yote yakiwa chini ya macho ya mwenyewe. Katika kasri la Hadrian kulichimbwa njia za chini ya ardhi ili watumwa wapite bila kuonekana na wageni. Girigan hapakuhitajika njia za namna hiyo. Kimo cha kilima kilitosha kuwafanya wakataji wa mkonge waonekane kama nukta.

Ni katika mwongo huo huo ambapo Wataita walizidi kulalamikia ardhi yao iliyochukuliwa na amri za kuwapunguzia mifugo. Mwaka wa 1939 walianzisha Chama cha Milima ya Taita ili kuvitetea vyote viwili. Mwaka wa 1940 serikali ilikipiga marufuku chama hicho na kuwatia viongozi wake kizuizini. Mwaka wa 1948 kulianzishwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, ambayo peke yake huchukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti ya leo. Kati ya mbuga na mashamba makubwa, mwananchi alibakiwa na ukanda mwembamba.

Uzee na kifo

Gertrude alifariki mwaka wa 1943. Kwa kumkumbuka, Grogan alitoa ardhi Muthaiga, Nairobi, na mwaka wa 1947 ikafunguliwa hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden, ambayo ingali inahudumia wagonjwa. Haki inataka jambo hili litajwe. Mtu aliyechapa watu mlangoni mwa mahakama ndiye huyo huyo aliyeacha hospitali, na mwandishi wa wasifu hana ruhusa ya kuficha upande wowote.

Katika Baraza la Kutunga Sheria alijulikana kwa ufasaha na ukali wa ulimi. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau, alikuwa miongoni mwa waliodai adhabu kali kupita kiasi dhidi ya wapiganaji. Umri haukuwa umemlegeza. Lakini nyakati zilikuwa zimegeuka, na Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Aliye juu mngoje chini. Grogan aliihama nchi aliyoiishi kwa zaidi ya nusu karne, akafariki Cape Town tarehe 16 Agosti 1967 akiwa na umri wa miaka 92. Alimalizia maisha yake katika mji ule ule ulioipa jina safari yake.

Kasri baada ya mwenyewe

Mashamba yalibadilisha wamiliki, lakini hayakurejea kwa Wataveta. Kasri lenyewe lilikaa miaka mingi bila matunzo; rangi ikambuka, popo wakaingia, na vichaka vikapanda kilima. Katika miaka ya 2010 lilikarabatiwa likafanywa hoteli, na wageni wakaanza kupanda tena kutazama machweo. Chini ya kilima, suala la maskwota wa Taveta lilipita mikononi mwa serikali moja baada ya nyingine.

Hitimisho

Msafiri apandaye Girigan husimuliwa kwanza habari za kijana aliyevuka bara kwa ajili ya mapenzi. Ni hadithi tamu, na haina uongo mkubwa. Kasoro yake ni kuwa imeishia pale ambapo ingepaswa kuendelea. Mahaba ya Grogan na Gertrude hayaelezi kwa nini mzee wa Taveta anaishi kando ya shamba ambalo babu yake alililima bila kuomba ruhusa ya mtu.

Rafu za vitabu vya Kiingereza zina wasifu kadhaa za Grogan, pamoja na kitabu chake mwenyewe. Wapagazi, wavutaji wa rikisho na wakataji wa mkonge hawakuandika vitabu. Walisimulia, na masimulizi ni uwanja wa fasihi simulizi, ambao wanafunzi wa Kiswahili wamefunzwa mbinu zake za utafiti. Waliofanya kazi katika mashamba ya Jipe na Ziwani enzi za mlowezi huyo ni wazee waliobaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Kwao lipo daftari lile ambalo babu zao hawakuwa nalo. Likiandikwa sasa, yatakayokuwa kichwani mwa msomaji apandapo kilima hicho hayatakuwa habari za mwenye kasri peke yake. Likicheleweshwa, mawe ya Girigan yatabaki kuwa shahidi wa pekee, na mawe humtaja aliyeyagharimia wala hayamtaji aliyeyabeba.